Parokia Zikiunganishwa, Mgeni Asimame Wapi?

Wasomaji wetu wasio Wakatoliki watuwie radhi mwezi huu, kwani tunazungumzia mambo ya nyumba moja. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuazima mahali pa ibada ugenini ataona kwamba jambo hili si geni kwake.

Huko kwetu Afrika Mashariki tumezoea mwendo mmoja tu. Jumuiya ndogo ndogo hukua zikawa kigango, kigango kikajenga nyumba ya padre, na siku moja Askofu hufika kukitangaza kuwa parokia. Parokia huzaa parokia. Ndiyo maana mwamini aliyetoka Bukoba au Machakos, akisikia huku Marekani kwamba parokia tatu zitafanywa moja, hudhani kumetokea ugomvi au wizi.

Tutazame mji wa Baltimore, makao ya jimbo la kwanza la Kikatoliki nchini Marekani, lililoundwa mwaka 1789. Mwaka 1950 mji ule ulikuwa na watu wapatao 950,000. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 586,000 hivi. Wajerumani, Waairishi, Wapolandi na Waitaliano walijenga makanisa yao, kila taifa kwa lugha yake, mara nyingine mitaa michache tu kutoka kanisa jingine. Wajukuu wao wamehamia vitongojini, na mapaa yanayovuja yamebaki yakidai fedha. Mei 2024 Askofu Mkuu William Lori alitangaza kwamba parokia 61 za mji na vitongoji vya jirani zitakuwa 23, zenye mahali 30 pa kusali. Septemba 2023 Jimbo Kuu hilo lilikuwa limeomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi kwa sababu ya madai ya waliodhulumiwa kijinsia utotoni. Viongozi walisema mambo hayo mawili hayahusiani.

Lakini rasimu ya Aprili 2024 ilikuwa imetaja parokia 21 tu, na mahali 26 pa kusali. Baada ya waamini kusikilizwa, hesabu ikapanda. Waliosema, walisema kabla ya uamuzi.

Je, sisi tunaosali kwa Kiswahili mara moja kwa mwezi, saa nane mchana wenyeji wakiwa wamekwisha kwenda zao, tungehesabiwa wapi? Wanaopanga mambo haya hutazama daftari la familia zilizojiandikisha, ubatizo, ndoa, bahasha za sadaka na idadi ya wanaohudhuria Misa, ambayo majimbo mengi huihesabu mwezi Oktoba. Sisi hujaza kanisa kwa kwaya na vigelegele, kisha michango yetu huingia katika mfuko wetu wa misiba, ambao ni mwema sana, ila ofisi ya parokia haiujui. Katika makaratasi ya jimbo familia arobaini za namna hiyo huenda zikaonekana kama viti vitupu.

Sheria ya Kanisa nayo ijulikane. Kanoni ya 515 humpa Askofu wa jimbo peke yake mamlaka ya kuunda, kufuta au kubadili parokia, baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre. Kanoni ya 518 inaruhusu parokia ya lugha au taifa, lakini kikundi chenye Misa ya mwezi si parokia. Tena kuunganisha parokia si kufunga jengo: kwa jengo kuna kanoni ya 1222, inayodai sababu nzito za pekee. Waraka uliotolewa Roma Julai 2020 unasema kwamba uhaba wa mapadre, au hali ya jumla ya fedha ya jimbo, si sababu ya kutosha ya kufuta parokia.

Asiyeridhika ana siku 10 tu tangu ajulishwe rasmi kumwandikia Askofu mwenyewe kumwomba abadili uamuzi. Akikataliwa, ana siku 15 za kupeleka rufani Roma. Kikundi kisicho na hadhi kisheria hakisikilizwi kama kikundi, kwa hiyo kila mtu atie sahihi kwa jina lake. Machozi ya kwaya hayapigwi mhuri. Katika Jimbo Kuu la Boston, waamini wa kanisa moja la Scituate walikesha ndani ya jengo lao kwa zamu tangu Oktoba 2004 hadi Mei 2016, na mwishowe wakatoka. Ninawastahi kwa uvumilivu wao, lakini familia zetu zenye kazi za usiku haziwezi njia hiyo.

Basi Jumapili ijayo ombeni fomu ya kujiandikisha, hata kama padre wenu wa Kiswahili anatoka parokia nyingine. Na mkiwa pale ofisini, ulizeni watoto wenu waliandikwa katika kitabu gani cha ubatizo. Parokia zikiunganishwa, vitabu hivyo huhamishiwa parokia mpya au hifadhi ya nyaraka ya jimbo, na siku binti yenu atakapotaka kufunga ndoa huko Arusha, paroko atadai cheti kipya, si nakala iliyokunjwa ndani ya Biblia.