Nirudishieni Neno Kinga

Yalikuwa maneno matano tu: natumia dawa za kushusha kinga. Niliyatamka asubuhi ya baridi, mwezi wa saba mwaka 2024, mbele ya dirisha la kliniki moja ya meno mjini Iringa, shavu la kulia limevimba kama nimeficha andazi. Iringa nilikwenda kwa msiba, sikwenda kung'oa jino; lakini gego likiamua kuuma halikuulizi uko mji gani. Nesi aliyekuwa akiandika majina akasimamisha kalamu. Mama mmoja kwenye benchi akavuta khanga yake upande wa pili, kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa. Kijana mwenye kofia akanikagua kuanzia kichwani hadi kwenye raba. Halafu nesi akauliza, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliokuwa nje wakiota jua: "Kadi yako ya CTC iko wapi, dada?"

Ndugu msomaji, sina kadi ya CTC kwa sababu sina VVU. Nina ugonjwa wa viungo. Laiti ningemjibu hivyo kwa adabu, yangeishia pale dirishani. Lakini hasira zilinipanda, nikapiga kelele: "Mimi sina UKIMWI! Nasema sina!" Benchi zima likanyamaza. Yule mama wa khanga akaangalia chini, akabaki hivyo hivyo mpaka alipoitwa jina lake. Nitamrudia huyu mama, maana ndiye anayeninyima usingizi kuliko jino.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwa Kiswahili unaitwa baridi yabisi, na hilo nalo ni jina la kumponza mtu. Kwetu Mbeya, ambako mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba yanakata vidole kama wembe, ukisema unaumwa baridi yabisi kila jirani anakuwa daktari: vaa sweta mbili, kunywa tangawizi, acha kufua alfajiri. Bibi yangu alinifumia soksi za mikono. Nazipenda, lakini mkosaji si baridi. Mkosaji yumo ndani. Ulinzi wa mwili, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, unageuka na kuvamia viungo vya mwenyewe. Ni kama sungusungu waliopewa marungu kulinda mtaa, wakaanza kuwatwanga wenye nyumba. Mimi walinianzia vidoleni, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne, riwaya yangu ikiwa imefika sura ya tatu kwenye kaunta buku. Asubuhi nilikuwa siwezi kukunja ngumi, sembuse kushika kalamu.

Ndipo nikaanzishiwa prednisoloni, na methotrekseti. Hii ya pili inamezwa mara moja kwa wiki. Nasema kwa wiki, siyo kwa siku, maana kuna watu duniani waliopoteza maisha kwa kukosea hapo tu. Ni dawa yenye historia: ndugu yake wa kwanza, aminopterini, ilitumiwa na daktari Sidney Farber wa Boston kwa watoto wenye saratani ya damu, akachapisha matokeo mwaka 1948. Sisi wa viungo tunapewa kiasi kidogo sana cha methotrekseti, ili kuwapunguzia sungusungu marungu. Juu yake nameza foliki, kupunguza madhara. (Muuza dawa mmoja wa Mwanjelwa alipoiona foliki akanipa hongera ya ujauzito. Kifuko kimoja, mashtaka mawili!)

Sasa, sungusungu wakipunguziwa marungu, siku mwizi wa kweli akija itakuwaje? Hapo ndipo meno yanapoingia. Kinywa cha mtu, hata awe anapiga mswaki mara tatu, kimejaa vijidudu. Ukingo'a jino umeacha kidonda wazi katikati yao. Kwa mtu wa dawa zangu kidonda kinaweza kuchelewa kupona, na uchafu wa jino unaweza kusambaa bila homa kubwa wala uvimbe wa kutisha, kwa sababu prednisoloni inaficha dalili. Kwa hiyo anayeshika koleo lazima ajue unameza nini. Siyo ili akufukuze. Siyo ili akuachishe dawa. Ni ili ajue.

Nasema "siyo ili akuachishe" kwa sababu nilikwisha kuachishwa. Mwaka 2023, hapo hapo Mbeya, katika kituo nisichokitaja, gego hili hili lilipoanza kutoboka, niliambiwa: "Kaache dawa zote, urudi baada ya mwezi." Mimi mtoto wa watu nikatii. Kumbe prednisoloni uliyoitumia muda mrefu haikatishwi ghafla: mwili ulikwisha kuacha kutengeneza ya kwake, ukiikata unaachwa huna kitu. Siku ya nne nilikuwa natapika, kichwa kinazunguka, baba akanibeba mgongoni kama nina miaka sita. Na kumbe kwa kung'oa jino la kawaida, mara nyingi hata methotrekseti haisimamishwi. Anayeamua ni daktari aliyekuandikia. Baada ya mkasa ule nikaogopa watu wa meno kuliko jino lenyewe. Gego likaoza mwaka mzima. Daktari wangu wa viungo, aliposikia, akanifundisha yale maneno matano: popote utakapotibiwa, sema unatumia dawa za kushusha kinga.

Hakujua ananituma na bomu mfukoni.

Kinga ni neno la zamani lenye watoto wengi. Tunakinga maji ya mvua kwa ndoo. Rais ana kinga ya kutoshitakiwa, imo kwenye Katiba, ibara ya 46, na hakuna aliyewahi kumwomba kadi. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakiwa na maana ya vipande vya kuni. Na huku kwetu Nyanda za Juu, Mkinga ni mtu wa Makete, na ukimuulizia Mwanjelwa huenda umesimama dukani kwake. Lakini tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, na maradhi yakaitwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, neno zima limelazwa wodini na halijapewa ruhusa ya kutoka.

Naelewa kwa nini, siyo kwamba nimetoka mwezini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wanaoishi na VVU nchi nzima ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Panda basi Mbeya asubuhi, pita Igawa, pita Makambako, shuka Ipogolo: umeipita mikoa yote mitatu kabla ya jioni. Ni ukoo gani kwetu ambao haukuchimba kaburi? Kwa hiyo mtu wa huku akisikia kinga imeshuka, hasikii habari za kitabibu, anasikia jeneza. Hata leo, miaka zaidi ya ishirini tangu ARV zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, na wanaozimeza wanalima, wanazaa na kuzeeka.

Hebu sasa sikieni neno moja linavyoweza kuua.

Tabibu wa meno wa pale Iringa, namshukuru, alikuwa na mkono mwepesi. Sindano ya ganzi, koleo, pamba, kwisha. Akaniandikia dawa ya kuzuia uchafu, lakini dirisha la dawa likawa halina, nikaambiwa kanunue nje. Kwenye duka la dawa kijana akasoma karatasi, akasema hiyo imekwisha, akaniuliza kama nina tatizo jingine. Mdomo umejaa pamba, nikayatoa maneno yangu matano. Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya kweli, simsingizii. Akasema: "Basi ninyi huwa mnatumia Septrin. Itakufaa zaidi."

Ninyi!

Na kweli, kwa miaka mingi watu wengi wenye VVU wamepewa Septrin kuwakinga na maradhi nyemelezi. Mwaka 2000 WHO na UNAIDS walipendekeza hivyo kwa Afrika. Kijana hakubahatisha, alijua kazi yake. Alichokosea ni mtu. Nami nilielewa fika alichokuwa anafikiri, lakini nilikwisha kupiga kelele mara moja siku ile na bado nilikuwa naona aibu. Nikanyamaza. Nikalipa, nikaondoka, nikameza vidonge viwili nikiwa na chai ya msibani.

Shangazi yangu wa Kihesa ni nesi mstaafu. Jioni akaiona pakiti juu ya meza. "Mwanangu, methotrekseti bado unameza?" Nikasema ndiyo, shangazi, ya Jumapili. Akaishika ile pakiti kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Ndani ya Septrin, akanieleza, kuna trimethoprimu, ambayo nayo inabana kazi ya foliki mwilini, sawa na methotrekseti. Zikikutana, uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu: chembe nyeupe zinashuka, za kugandisha damu zinashuka, mdomo unatoka vidonda, na mtu mwenye shimo bichi la gego anabaki hana wa kumtetea. Asubuhi akanipeleka kupimwa damu, na wiki iliyofuata nikapimwa tena. Nilikuwa salama. Ni vidonge viwili tu. Je, kama shangazi angekuwa mshonaji?

Wapo watakaosema kosa ni la yule kijana wa duka. Wengine watasema nesi angefunga mdomo wake. Sawa, na nina dai langu kwao: ulizeni dawa gani kabla ya kuuliza kadi gani, na ulizeni ndani, mlango umefungwa. Hilo halihitaji mfadhili wala semina. Lakini wote wawili walisikia Kiswahili kama sisi tulivyokifanya. Na mimi je? Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi. Nesi aliuliza kadi. Niliyesimama katikati ya watu na kukana kama ninayesingiziwa wizi ni mimi. Sijui mama wa khanga anaumwa nini, na hainihusu. Lakini nilimwona anavyoangalia chini. Nilitaka kuokoa jina langu, nikalipia kwa jina la mwingine. Isitoshe, kama ni ukweli tuuseme: mwenye kadi ya CTC ana tarehe, ana faili, ana mtu anayejua dawa zake kwa majina. Mimi nina kifuko cha kaki na kumbukumbu. Kati yetu sisi wawili, aliyepaswa kumwonea mwenzake wivu ni mimi.

Waandishi wenzangu, msidhani mmepona. Neno likilazwa wodini, sisi ndio tuliosaini karatasi. Mwaka 2004 William Mkufya alitoa Ua la Faraja, riwaya nzima juu ya UKIMWI, akautazama usoni. Baada ya hapo wengi wetu tumefanya nini? Katika hadithi tunazosomeana, mhusika akikonda ni UKIMWI, akikohoa usiku ni UKIMWI, na asipopona kwa wakati tuliompangia basi karogwa. Hatuna mtu wa figo. Hatuna mwenye kifafa anayepata mchumba. Hatuna msichana asiyeweza kufungua kifuniko cha chupa kwa sababu vidole vimegoma. Tumepewa miili ya aina zote, tunaandika ugonjwa mmoja, tena kwa kukonyeza macho.

Msiniambie najitoa. Sura ya tano ya riwaya yangu, ile mliyoipigia makofi, mchumba wa Tunu anafungua sanduku lake na kukuta kifuko cha vidonge. Anakirudisha, anaondoka, harudi tena. Sikuandika jina la dawa. Sikuandika jina la ugonjwa. Niliandika kifuko tu, nikijua mtaelewa, na mkaelewa. Niliiandika sura hiyo kwa vidole vilivyolegezwa na methotrekseti, kifuko changu mwenyewe kikiwa mezani!

Mwezi ujao naziba gego la upande wa pili, safari hii Mbeya. Yale maneno matano sitayasema tena dirishani, nimeandika kikaratasi kwa herufi kubwa: "Nina baridi yabisi. Nameza methotrekseti mara moja kwa wiki, Jumapili, na prednisoloni kila siku. Usinipe Septrin. Usinisimamishie dawa kabla ya kuongea na daktari wangu, namba yake iko nyuma ya karatasi. Naomba tuzungumzie chumbani." Nimeandika nakala mbili. Moja iko kwenye pochi. Ya pili nimeibandika kwenye kaunta buku, sura ya tano, ukurasa ule wa sanduku, na mchumba wa Tunu itabidi aisome yote kabla sijamruhusu kufika mlangoni.