Mwacheni Kukhu Nje ya Muvi Yenu

Hapa Shirere, kijana mwenye simu ya kamera safi akikwambia anatengeneza muvi ya kutisha, unamjua mchawi kabla hajamaliza kusimulia. Ni kukhu. Nyanya ya mtu, kibuyu mkononi, anakimbia usiku akirushia watu mawe mabatini. Ukiuliza kwa nini yeye, jibu ni lilelile: bajeti ni ndogo, buda, na kukhu hahitaji mekapu.

Nakikataa kisingizio hicho.

Mwaka 2020, Uingereza ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Rob Savage alitengeneza Host. Hakuweza hata kuingia kwa waigizaji wake. Kila mmoja alijirekodi nyumbani, akajipangia taa na kutega mwenyewe vitu vya kuanguka, mwelekezi akimwongoza kupitia kompyuta. Muvi nzima haifiki saa moja: ni dakika 57 za simu ya video, marafiki wakijaribu kuita mizimu. Ilitoka Julai mwaka huohuo, na watu waliogopa kwelikweli.

Sasa angalieni ubaya unaingilia wapi. Mwanamke anayeongoza kikao ndiye anayewaonya wasifanye mzaha. Msichana mmoja anatunga uwongo kuhusu rafiki aliyekufa, kujifurahisha tu, na uwongo huo unafungua mlango. Shetani anaalikwa na vijana wenyewe.

Sisi pia tulifungiwa. Kafyu ilianza Machi 2020, na mlango ukigongwa saa nne usiku hakuna aliyewaza jini. Chumba kimoja, stima imepotea, simu ina chaji asilimia tatu, na kuna mtu nje. Muvi ilikuwa hapo, bure. Nani aliiandika?

Mtaniambia wakimbiaji wa usiku ni hadithi zetu, na anayezipinga analeta uzungu. Hadithi ni zetu, sibishi. Lakini Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Sisemi waliowaua walikuwa wametazama muvi. Nasema tayari walikuwa na picha ya mchawi kichwani: mwanamke, mzee, mnyonge. Picha hiyo haikuota yenyewe. Ilisimuliwa, ikachekewa, ikarudiwa mpaka ikawa ushahidi. Nyinyi mnaipiga upya na kuiwekea muziki, halafu mnasema ni sanaa tu. Kukhu mliyemfanya zimwi Jumamosi anarudi kuishi na majirani walewale Jumapili.

Mkitaka kututisha, tutisheni na umati. Ujumbe unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya kijiji: jina moja tu, bila maelezo. Mtu anajibu, "Hata mimi nilishuku." Mwingine anakumbuka ng'ombe aliyekufa. Wa tatu anauliza nani ana petroli. Na wewe unayesoma unalijua jina hilo, kwa sababu ndiye aliyekulea.

Hiyo inahitaji simu moja, bando ya siku na ujasiri kidogo. Haina kibuyu. Haina mtu wa kupakwa majivu usoni. Ina sisi, na ndiyo maana inaogopesha kuliko jini lolote.

Mkiitengeneza, niiteni. Taa nitashika mimi, bila malipo.