Kisu kinapunguza kilo, hakifuti matusi

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Katuba, Kenya, Ruashi: popote mjini, kijana mwenye mwili mkubwa kupita kiasi anasikia maneno mawili yanayopingana. Nyumbani shangazi anafurahi: mtoto amenona, basi familia inakula. Shuleni wenzake wanamwita jina la mnyama, na ndani ya taxi-bus anaambiwa alipe viti viwili. Hakuna anayemuuliza kama usiku anapata usingizi.

Siku hizi kuna neno la tatu. Video zinapita kwenye WhatsApp: vijana wa Uturuki, India na Marekani wamepasuliwa tumbo na kupungua kilo nyingi. Familia zenye uwezo zinaanza kuhesabu dola. Kabla ya kuhesabu, jambo moja lieleweke: upasuaji huo ni matibabu ya kweli kwa baadhi ya vijana, lakini mzazi anayetaka kilo zikatwe bila kushughulikia akili na moyo wa mtoto ameacha nusu ya ugonjwa.

Si kila kijana mnene anahitaji kisu. Mwaka 2023 madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo unaosema upasuaji unaweza kufikiriwa kuanzia miaka 13, kwa wenye unene mkali tu. Kwa mfano, kijana wa mita 1.60 anakaribia kiwango hicho akifikia kilo 90, na madaktari wanatazama pia umri wake na magonjwa yaliyokwisha kuingia, kama sukari au presha. Njia moja ni kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Nyingine ni kukipitisha chakula njia fupi zaidi kuelekea matumbo.

Kwa upande wa uzito, kazi inaonekana. Marekani, watafiti waliwafuata vijana waliopasuliwa kwa miaka 10, na matokeo yalitoka mwaka 2024: uzito ulikuwa umebaki chini kwa karibu asilimia 20, na zaidi ya nusu ya waliokuwa na ugonjwa wa sukari hawakuwa nao tena. Anayesema upasuaji huu ni urembo wa matajiri tu anakosea.

Kwa upande wa akili, habari ni tofauti. Uswidi walitazama vijana 1,554 waliopasuliwa kati ya 2007 na 2017. Hata miaka kabla ya operesheni, vijana hao walikuwa wakitafuta matibabu ya akili na kumeza dawa zake kuliko wenzao wa umri mmoja. Baada ya operesheni pengo halikufungwa, bali liliendelea kupanuka. Hiyo haithibitishi kwamba kisu ndicho kilicholeta huzuni, maana huzuni ilikuwa imekwisha kuanza. Inaonyesha kwamba kupungua uzito peke yake hakukuiondoa.

Na kwa nini ingeondoka? Mwili unabadilika ndani ya mwaka mmoja, lakini miaka kumi ya matusi inabaki kichwani. Kijana aliyetumia chakula kujituliza sasa hawezi kula sahani kubwa ya bukari, na uchungu wake unatafuta mlango mwingine. Mara nyingine mlango huo ni pombe, na baada ya operesheni hizi pombe inapanda kichwani haraka zaidi. Katika mji ambapo lutuku inapatikana kila kona, hiyo ni hatari kubwa.

Lakini isichukuliwe kwamba kijana mwenye huzuni afungiwe mlango wa matibabu ya unene. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kabla ya kupasuliwa, na miaka mingi baadaye. Anahitaji pia vitamini na madini maisha yote. Kwa hiyo familia inayofikiria kumpeleka mtoto nchi ya mbali ijibu kwanza maswali matatu: akirudi Lubumbashi, munganga gani atamfuata? Pesa za vitamini zitatoka wapi kila mwezi? Nani atazungumza naye siku atakapolia? Kama hakuna jibu, tiketi ya ndege isubiri.

Jambo hili linazigusa pia familia zilizohama kwa sababu ya vita, ziwe zimetoka Mitwaba, Pweto, Manono au Kivu. Mtoto aliyejua njaa porini anaweza kula haraka, kuficha chakula, kula hata akiwa ameshiba. Watu wanasema ni ulafi. Mara nyingi ni woga ambao haujamtoka. Tena baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaongeza uzito. Mzazi akiona hivyo, amwambie munganga ili atafute njia nyingine, asiikate dawa mwenyewe.

Hapa kwetu kazi inaweza kuanza bila kisu. Majina ya kejeli yakome nyumbani kwanza, hata yale yanayosemwa kwa kucheka. Kijana asilazimishwe kufunga kula wala kumeza vidonge vya sokoni vya kupunguza mwili. Apelekwe kituo cha afya, apimwe uzito, presha na sukari, na aulizwe juu ya usingizi na huzuni. Soda zipungue kwa nyumba nzima, ili yeye asionekane kama mfungwa kati ya ndugu zake. Walimu nao wakumbuke kwamba mtoto anayekimbia saa ya michezo mara nyingi anakimbia kicheko cha wenzake.

Kwa magonjwa ya akili, mji una kituo cha Docteur Joseph Guislain. Wengi wanaogopa kuonekana pale, wakidhani ni mahali pa wendawazimu tu. Woga huo unaumiza watoto. Mchungaji anaweza kuomba na munganga akatibu. Mmoja hamzuii mwingine. Na kijana akianza kusema afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Dawa na sumu ya panya ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Serikali ya jimbo na wakubwa wa shule wana sehemu yao: mizani shuleni ni kitu kizuri, lakini bila mtu wa kuzungumza na mtoto, mizani hiyo itakuwa sababu nyingine ya kumcheka. Anayetaka kijana apungue aanze kwa kumpunguzia aibu.