Wabaptisti wa Kusini na Uhuru wa Upande Mmoja

Juni 2025, wajumbe wa Muungano wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Marekani, walikutana Dallas na kupiga kura tena juu ya jambo lililowashughulisha kwa mwaka wa tatu mfululizo. Je, katiba iseme waziwazi kwamba kanisa lenye mchungaji mwanamke halina nafasi kwao? Karibu asilimia 61 waliunga mkono. Katiba inataka theluthi mbili, hivyo pendekezo likaanguka, kama lilivyoanguka Indianapolis mwaka mmoja kabla.

Mjadala huu umewapotezea Wabaptisti muda ambao hawakuwa nao. Tena umefichua jinsi viongozi wao wanavyolikumbuka fundisho la uhuru wa kanisa la mahali pale linapowafaa, na kulisahau pale linapowabana.

Watetezi wa pendekezo wana hoja. Wanashika sura ya pili ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, na ungamo lao la imani la mwaka 2000 linalosema kazi ya uchungaji ni ya wanaume. Dhehebu lisilojua linaamini nini, wanasema, halidumu. Sawa. Lakini ungamo hilo lipo tayari, na limeonyesha makali yake bila msaada wa kifungu kipya. Februari 2023 Kamati Tendaji ya muungano ililitoa katika ushirika Kanisa la Saddleback la California, lililoanzishwa na Rick Warren, kwa sababu lilikuwa na mchungaji mwanamke. Juni mwaka huohuo, New Orleans, wajumbe 9,437 waliukubali uamuzi huo na 1,212 wakaukataa.

Mbaptisti hana askofu. Kila kanisa humwita mchungaji wake na kumwondoa, na ofisi kuu za muungano huko Nashville haziwezi kuliamuru. Huo ndio uhuru wa kanisa la mahali, fundisho ambalo wamisionari wao walilileta Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na Wabaptisti wa kwetu wanaliishi hadi leo. Ni fundisho la heshima, na ndiyo maana linaniuma kuona lilivyotumiwa.

Mwaka 2007 uliombwa uchunguzi kama dhehebu linaweza kuweka orodha ya wachungaji na watumishi waliohukumiwa, kukiri au kushutumiwa kwa ushahidi wa kuaminika kuhusu unyanyasaji wa kingono, ili kanisa linalotafuta mchungaji lisimpokee mnyanyasaji bila kujua. Mwaka 2008, Indianapolis, Kamati Tendaji ilijibu kwamba haiwezekani. Kila kanisa liko huru, ikasema.

Hebu tuipime hoja hiyo. Orodha haimfukuzi mtu kazini. Haimwamuru shemasi wala mzee wa kanisa. Inampa habari tu, na yeye na kanisa lake wanabaki na uhuru wote wa kuamua. Kulitoa kanisa katika ushirika ni jambo zito kuliko hilo mara nyingi, na dhehebu hili limelifanya bila kusita: mwaka 1992 liliyatoa makanisa mawili ya North Carolina kwa sababu ya msimamo wao kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2023 likaitoa Saddleback. Watajibu kwamba muungano nao una uhuru wa kuchagua wa kushirikiana naye. Nakubali kabisa. Lakini kama uhuru huo unaruhusu kutoa kanisa zima, unakatazaje kuchapisha jina la mbakaji? Katika miaka yote hii sijaona jibu la swali hilo linalostahili kuitwa jibu.

Na kuna jambo baya zaidi. Februari 2019 magazeti mawili ya Texas, Houston Chronicle na San Antonio Express-News, yalieleza habari za viongozi na watumishi wapatao 380 walioshutumiwa, na waathirika zaidi ya 700, katika muda wa miaka 20. Mei 2022 ikaja ripoti ya wachunguzi wa Guidepost, walioajiriwa na dhehebu lenyewe. Ripoti ilionyesha kwamba kwa zaidi ya miaka kumi mfanyakazi wa Kamati Tendaji alikuwa akiandika orodha yenye majina ya mamia ya washutumiwa, huku manusura wakiambiwa kwamba orodha haiwezekani. Ilikuwapo. Ilikaa ofisini, na wachunguzi hawakuona dalili kwamba iliwahi kutumiwa kumwondoa mtu yeyote karibu na watoto.

Mtu aliyeshika orodha hiyo mkononi hana haki ya kunihubiria uhuru wa kanisa. Hapo fundisho limegeuzwa kuwa pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na binti wa mtu na mwana wa mtu.

Ni kweli kwamba tangu 2021 katiba inaruhusu kulitoa kanisa linalofumbia macho unyanyasaji. Lakini kanisa litajuaje historia ya mgeni anayeomba kazi? Juni 2022, Anaheim, wajumbe waliamua orodha ya wazi iwekwe. Februari 2025 dhehebu likatangaza kwamba hilo si kipaumbele kwa sasa. Miezi minne baadaye, Dallas, wakapata nafasi ya kumjadili tena mwanamke mimbarini, wakati orodha waliyoiahidi ilikuwa haijachapisha jina hata moja.

Wachapishe majina kwanza. Kura nyingine juu ya wanawake isubiri.