TAA KALI HUPOFUSHA

Mtu wa Vigwaza hahitaji kuelezwa habari za taa za magari. Barabara kuu ya Morogoro inapita kwetu. Malori hufika usiku na mchana kupima uzito kwenye mizani. Mwaka 2023 mabasi ya abiria nayo yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Basi giza letu limejaa taa.

Watu husema dereva asiyepunguza taa hana adabu. Mimi nasema adabu ni jambo dogo hapa. Hili ni jambo la afya.

Katikati ya jicho pana tundu dogo jeusi, yaani mboni. Gizani mboni hupanuka ili jicho lipate mwanga. Likimulikwa na taa kali, mboni husinyaa mara moja. Gari likishapita, jicho halioni vizuri papo hapo. Huchukua sekunde kadhaa. Kwa mzee, au mtu mwenye mtoto wa jicho, huchukua muda zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde 3 limekwenda mita 66. Huo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Dereva ameshika usukani, lakini kwa mita zote hizo ni kama kipofu. Na nani yuko kando ya barabara? Ni mama atokaye sokoni. Ni kijana anayekokota baiskeli ya mkaa. Anayepelekwa hospitali ya Tumbi ni huyo. Yule aliyemulika taa kali ameshakwenda zake Chalinze, hata hajui alichokifanya.

Kuna na magari chongo. Gari lenye taa moja ukiliona kwa mbali hudhani ni pikipiki. Unaliachia nafasi ya pikipiki, kumbe ni lori zima! Mengine yana taa za nyuma zilizofunikwa na matope. Kuzifuta kwa kitambaa ni kazi ya dakika moja tu, na utingo yupo.

Lakini tusiwaseme wenye malori peke yao. Hapa hapa kijijini vijana wetu hupakia abiria wawili kwenye pikipiki isiyo na taa, eti njia wanaijua. Njia unaijua wewe. Mwenye basi atakujuaje?

Nawe uendaye kwa miguu usiku, tembea upande wa kulia, ili magari ya upande wako uyaone yakija mbele yako. Vaa nguo nyeupe, au jifunge kanga nyeupe begani. Shika tochi. Taa kali zikikujia, usizitazame. Tazama chini, ukingoni mwa barabara, nawe usogee kando zaidi.

Na wewe kijana wa pikipiki, globu ikiungua leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mlandizi zinauzwa.