Nyumba Tupu Haikosi Mwenyewe

Mtu atafutaye nyumba ya kupanga katika mji wowote wa pwani huuliza kwanza mambo mawili: kodi ni kiasi gani kwa mwezi, na maji yako umbali gani. Katika mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, lipo swali la tatu lililo zito kuliko hayo mawili: mwenye nyumba yuko wapi? Jibu lake ndilo linaloamua kama familia itakaa kwa amani au itajikuta barazani ikijibu mashtaka. Ndilo pia linaloeleza kwa nini bei za nyumba mjini humo hazifuati mwendo uliozoeleka kwingineko.

Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Nairobi au Maputo, kodi hupanda watu wanapoongezeka kuliko nyumba, na hupoa nyumba mpya zinapojengwa au mapato yanapopungua. Mocímboa da Praia nayo inayo mambo hayo. Lakini juu yake kuna jambo jingine kubwa, nalo ni kwamba wenye nyumba wengi waliondoka wakikimbia, bila kufunga milango na bila kuaga majirani.

Tarehe 5 Oktoba 2017 ndiyo siku ambayo vituo vya polisi vya mji huo vilishambuliwa na vita vikaanza. Mwaka 2020 mji ulivamiwa mwezi Machi, ukavamiwa tena mwezi Juni, na mwezi Agosti ukaanguka mikononi mwa wavamizi. Ulikaa katika hali hiyo mwaka mzima, mpaka tarehe 8 Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Askari walioingia siku hiyo waliukuta mji wa kuta nyeusi na mitaa isiyo na watoto. Wenyeji walikuwa Pemba, Mueda, Nampula na kwingineko. Kufikia mwaka 2022, watu waliohamishwa na vita hivyo katika kaskazini ya Msumbiji walikuwa wamezidi milioni moja.

MWENYE NYUMBA AGEUKA MPANGAJI

Nyumba za Mocímboa da Praia zilipopoteza watu, nyumba za Pemba zilielemewa. Sensa ya mwaka 2017 iliihesabia Pemba watu wapatao laki mbili. Mji wa kadiri hiyo ulilazimika kupokea umati wa wakimbizi katika muda mfupi, na wengi wao hawakukaa kambini bali walifikia kwa ndugu, jamaa na watu wa kijiji kimoja. Chumba cha familia moja kikalaza familia tatu. Baraza zikazibwa kwa makuti zikawa vyumba. Wenye nafasi ya kupangisha wakapata wapangaji wengi kuliko vyumba, na kodi ikapanda kama ilivyo ada.

Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Mvuvi aliyekuwa na nyumba yake ya matofali na bati huko kwao, asiyepata kulipa kodi maishani mwake, akawa mpangaji wa chumba kimoja Pemba. Kila mwisho wa mwezi anatafuta fedha ya kodi, hali nyumba yake mwenyewe inasimama tupu, safari ya kilometa zaidi ya mia tatu kutoka hapo. Haioni, hajui kama paa lipo, wala hajui nani analala humo.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayetafutwa na dalali. Dalali huja na fedha taslimu na maneno laini, akisema nyumba imeungua, mji hautarudi, na heri kidogo leo kuliko kukosa vyote kesho. Muuzaji hana njia ya kupinga asilolishuhudia. Bei inayopatikana hapo si bei ya nyumba hata kidogo, bali ni bei ya dhiki ya mwezi huo. Hili ndilo soko ambalo halionekani katika hesabu yoyote ya bei za kila mwezi, nalo ndilo linaloumiza familia nyingi.

SOKO MOJA, BEI MBILI

Watu walianza kurudi kwa wingi mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo bandari ilifunguliwa tena. Pamoja na wenyeji walikuja watumishi wa Serikali, wafanya biashara, wauguzi, walimu na watu wa mashirika ya misaada. Wageni wote hao hutaka nyumba ya aina moja: kuta za matofali ya saruji, paa la bati, mlango wenye kufuli, na iwe karibu na barabara. Nyumba za namna hiyo ndizo zilizoharibiwa sana, na zilizosalia ni chache. Kwa hiyo kodi zake hukimbia. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti haina mashindano hayo, kwa kuwa mwenye kuitaka anaweza kujijengea mwenyewe akipata miti, fito na nguvukazi ya jamaa. Basi katika mtaa mmoja kodi mbili hukaa ukuta kwa ukuta, moja ikipaa na nyingine ikikaa pale pale.

Majira nayo yana sehemu yake. Mvua za huko hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo udongo haukauki, njia huharibika, na ujenzi husimama. Asiye na paa hulazimika kupanga kwa bei yoyote. Kusi ikianza kuvuma na ardhi ikakauka, watu hukandika na kuezeka, na haja ya kupanga hupungua. Kimbunga huvuruga mpango huo wote. Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, na Chido kilishuka kusini ya Pemba tarehe 15 Desemba 2024. Paa zinaporuka katika wilaya moja, bati huhitajika katika jimbo zima.

Bati na saruji pia zina safari. Njia ya nchi kavu kutoka Pemba hupita Macomia na Awasse, na barabara hiyo imekuwa na hatari zake miaka yote ya vita. Nauli ya lori, siku za kungoja msafara, na hasara ya mzigo uliolowa, vyote huingizwa katika bei ya bati moja, na mwishowe katika kodi ya chumba.

Juu ya hayo kuna habari, maana bei ya nyumba husikia kabla ya kuona. Palma iko kiasi cha kilometa themanini kaskazini, na karibu yake ipo Afungi, mahali pa mradi mkubwa wa gesi. Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, mradi ulisimamishwa mwezi uliofuata. Mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio hilo. Habari ya namna hiyo humfanya mwenye nyumba asite kuandika mkataba wa mwaka mzima, akitumaini mpangaji tajiri zaidi. Lakini mwezi Septemba wa mwaka huo huo, mashambulizi yalifika tena katika mitaa ya mji wa Mocímboa da Praia, na wengine wakafunga mizigo upya. Tumaini hupandisha bei na hofu huishusha, na yote mawili yanaweza kutokea katika msimu mmoja.

KINACHOUZWA NI NINI?

Anayetaka kununua ajue kwanza kwamba nchini Msumbiji ardhi haiuzwi. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, ardhi ilifanywa kuwa mali ya Taifa, na Katiba ya mwaka 2004 ikakariri kwamba haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kuhamishwa kwa njia nyingine. Tarehe 3 Februari 1976 Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa nyumba za kupangisha, jambo ambalo wasomaji wa Tanzania watalilinganisha na majumba yaliyotwaliwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Miaka mingi baadaye wapangaji wengi wa Msumbiji waliruhusiwa kununua nyumba walizokuwa wakikaa, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba hizo ilibaki ya Taifa.

Basi kinachouzwa ni kuta na paa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, nyumba ya mjini ikihamishwa kwa mtu mwingine, haki ya kutumia kiwanja chake huifuata. Sasa ikiwa kuta zimeanguka na paa limeungua, dalali anauza nini? Anauza haki ya mtu asiyekuwapo, na mara nyingi hana hata ruhusa ya kuitaja.

Wengi hudhani kwamba hati zilizoungua mwaka 2020 ziliungua pamoja na haki yao. Sivyo sheria hiyo ilivyopangwa. Ilitungwa miaka mitano baada ya amani ya Oktoba 1992, wakati nchi ilikuwa imepokea wakimbizi wapatao milioni 1.7 kutoka nchi jirani, wengi wao wakiwa hawana karatasi yoyote mkononi. Kwa hiyo ilikubali ushahidi wa namna tatu: hati yenyewe, ukaguzi wa wataalamu, na ushuhuda wa watu wa jamii ya mahali hapo, wanaume kwa wanawake. Iliwatambua waliokalia ardhi kwa mila na desturi za mahali, na pia raia walioitumia kwa nia njema kwa miaka isiyopungua kumi, hata kama hawakuandikishwa. Ilikubali pia urithi bila kubagua mwanamume na mwanamke, jambo kubwa kwa wajane wa vita.

Sheria hiyo ilitaja kuacha haki kwa hiari kuwa mojawapo ya njia za haki hiyo kukoma. Kukimbia risasi usiku, mtoto mgongoni, si hiari. Hali kadhalika, anayeingia katika nyumba akijua kwamba mwenyewe alikimbia hawezi kusema kwamba ameingia kwa nia njema, hata akikaa humo miaka mingi na kupaka chokaa kila mwaka.

KABLA YA KULIPA

Mambo haya yanawagusa askari, polisi na familia zao kwa njia ya pekee. Mlinzi hufika mjini mapema kuliko raia. Huzikuta nyumba tupu, na mara huja mtu kumwonyesha iliyo nzuri kwa kodi ndogo. Mkewe na watoto wakimfuata baadaye, huweka vyungu jikoni na kuamini kwamba wamepata makazi. Kisha siku moja mwanamke mgeni husimama mlangoni, akitazama dirisha ambalo mumewe alilichonga kwa mikono yake. Hakuna risiti ya dalali inayoweza kuituliza saa hiyo. Na aliyetumwa kuulinda mji huonekana mbele ya wenyeji kama mmoja wa waliouchukua.

Njia ya kujikinga si ngumu. Kabla ya kulipa hata mwezi mmoja, mpangaji na aende kwa mkuu wa nyumba kumi na kwa katibu wa mtaa, aulize nyumba hiyo ni ya nani na nani ameruhusiwa kuipangisha. Awaulize pia majirani wawili walio wenyeji wa zamani, kila mmoja kwa wakati wake, maana majibu yanayolingana bila kupangwa ni ushahidi mzuri. Ikiwa mwenye nyumba yuko Pemba au Nampula, azungumze naye kwa simu mbele ya katibu wa mtaa, na kodi imfikie yeye au ndugu aliyemtaja mwenyewe. Mkataba uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, ukitaja kodi, muda, matengenezo yatakayokatwa katika kodi, na notisi ya kuhama. Anayekosa kumpata mwenye nyumba ni heri atafute nyumba nyingine, hata iwe ya makuti.

Kwa familia ambayo bado iko ugenini, kazi ya kufanya inaweza kuanza jioni ya leo. Wazee wakae na vijana, waandike majina ya majirani wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma. Waandike mwaka nyumba ilipojengwa na fundi aliyeijenga. Wataje kisima, mwembe au mnazi uliokuwa mpakani. Kisha watafute mmoja baada ya mwingine wale waliotajwa, wajue wako wapi, na wao wawe tayari kuwashuhudia majirani hao vivyo hivyo. Dalali akija na fedha yake, asijibiwe mpaka mtu wa kuaminika ameiona nyumba kwa macho yake.

Nyumba ya matofali hujengwa kwa miaka, na nyumba ya udongo kwa msimu mmoja, lakini jirani anayejua ukuta ulipopita hapatikani sokoni kwa bei yoyote. Wazee wanaokumbuka mipaka ya Mocímboa da Praia wanazidi kupungua kila mwaka, na orodha hiyo inataka kuandikwa wangali hai.