Kiwanja cha Sakafu ya Zamani Kisiuzwe



Kila tawi limekwisha pata khabari kwamba katika mkutano mkuu ujao italetwa hoja ya kuikata viwanja ile ardhi ya chama penye sakafu ya zamani ya kuanikia karafuu, na kuviuza kwa mnada. Wenye hoja ni watu wema na sababu yao si mbaya: mfuko wa chama ni mwepesi, ghala lataka bati jipya, na sakafu ile haijaanikwa karafuu miaka mingi. Lakini mimi naipinga. Na kwa kuwa kazi ya katibu mkutanoni ni kuandika ya wengine, naomba nafasi hii niseme yangu.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 1,303,569 Unguja na Pemba. Ile ya 2022 ilitukuta 1,889,773. Visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Kijana akitaka kuoa hutafuta pa kujenga, na kiwanja cha karibu na barabara bei yake siku hizi haishikiki kwa mchumaji, wala kwa mwalimu, wala kwa mwuguzi. Basi hufanya moja katika mawili: ama huhamia mjini akapanga chumba, ama humwendea babake akaomba pembe ya shamba. Baba gani atakataa? Mikarafuu minne hukatwa, nyumba ikasimama, na mwakani nduguye naye huja na ombi lile lile. Mkarafuu hukaa miaka sita, saba au zaidi ndipo uanze kuzaa, na ukitunzwa huishi kuliko aliyeupanda. Kuukata ni kazi ya asubuhi moja. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba khabari ya nyumba haikihusu chama cha karafuu. Nyumba isiyopata mahali pake huja ikakaa mahali pa mkarafuu.

Je, tukinadi viwanja, nani atanunua? Labda watoto wetu wawili watatu. Vingine vitakwenda kwa wenye fedha walio mbali, wavizungushie ukuta na kungoja bei ipande. Fedha itaezeka ghala, bati litashika kutu kama lilivyoshika la kwanza, na ardhi haitakuwapo tena.

Iko njia nyingine, na katika nchi kadhaa imekwisha jaribiwa. Huitwa amana ya ardhi ya jamii. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Mpemba gani asiyejua kwamba mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi? Tangu zamani mtu hupanda mkarafuu au mnazi katika ardhi ya mwenziwe kwa ridhaa. Mti ni wake, na akifa warithi wake hugawana miti, ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Amana ya ardhi huifanyia nyumba vile vile. Ardhi huwa mali ya jamii, haiuzwi milele. Nyumba juu yake ni mali ya aliyeijenga: aishi, airithishe, aiuze pia akitaka, kwa mkataba wa miaka mingi na kodi ndogo ya ardhi. Sharti ni moja tu, kwamba akiuza, asiuze kwa bei ya soko. Huuza kwa bei iliyopimwa kwa kanuni, ili mnunuzi wa pili naye awe mtu wa kipato kama chake.

Walio chuoni watakuwa wamekwisha kumbuka wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaibar alielekezwa aizuie asili yake, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na matunda yake yatolewe. Sisemi kwamba amana na wakfu ni kitu kimoja. Hilo ni la mashekhe na wanasheria. Nasema kwamba aliyelelewa katika dini yetu hana haja ya kufundishwa upya maana ya mali isiyouzwa.

Atasema mtu: kujenga juu ya ardhi isiyo yako ni khatari, nasi twaijua khatari hiyo. Naam, twaijua. Wazee wa Ng'ambo ya Unguja walikuwa na vibanda vyao wenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya wengine. Katika miaka ya 1920 wenye ardhi wakazipandisha kodi, na mwaka 1928 wenye vibanda wakagoma kulipa, hata serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria ya kuzizuia kodi hizo. Lakini tazameni kosa lilikuwa wapi. Kibanda na ardhi kuwa na wenyewe mbalimbali halikuwa jambo jipya. Jambo jipya lilikuwa kwamba mwenye ardhi alitaka faida, na mpangaji hakuwa na kiti katika baraza lake. Katika amana mwenye nyumba anacho kiti. Desturi yao ni kuligawa baraza mafungu matatu: theluthi moja wanaokaa katika ardhi hiyo, theluthi ya pili majirani na wanachama wengine, na theluthi ya tatu watu wanaotazama maslahi ya umma. Hapana fungu liwezalo kuyala mengine mawili. (Wako watakaonong'ona kwamba viongozi wa chama ndio watakaojichukulia. Wananong'ona haki. Msimwamini katibu yeyote, nami nikiwamo. Iaminini katiba iliyoandikwa vizuri.)

Mfano ulio karibu nasi uko Voi, pale reli ya Mombasa inapoingia bara, katika nchi ya mikonge. Kuna mtaa huko uitwao Tanzania-Bondeni, uliokuwa na maelfu ya watu waliojenga katika ardhi isiyo yao, bila hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 halmashauri ya mji, serikali ya Kenya na wasaidizi kutoka Ujerumani walitaka kuutengeneza mtaa. Wenyeji wakaulizwa watakaje: kila mtu hati yake, au ushirika, au amana ya ardhi? Wengi tungedhani kila mtu angetaka hati yake. Hawakutaka. Walikuwa wamekwisha ona kwingine jinsi maskini anavyopewa kiwanja leo, kesho akija mwenye fedha akakinunua, na kesho kutwa yule maskini yuko pembeni mwa mji mwingine akijenga upya bila hati. Wakachagua amana: ardhi moja kwa wote, na kila mtu nyumba yake.

Sitawaficha kwamba njia yao haikuwa laini. Sheria za Kenya hazikuwa na mlango wa jambo hilo, ikawabidi waunganishe jumuiya iliyosajiliwa na bodi ya wadhamini, na karatasi za ardhi zikachelewa miaka. Wala mpango haukuenea katika miji mingine kama ilivyotarajiwa. Nasi tutakuwa na mlango wetu mgumu. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na chama kina haki ya kuitumia tu chini ya Sheria Namba 12 ya mwaka 1992. Kwa hiyo kabla ya kuchimbwa msingi wowote tutahitaji mwanasheria, na tutahitaji kwenda Kamisheni ya Ardhi kwa barua, si kwa maneno. Afadhali tuchelewe mwaka mmoja hapo kuliko watoto wetu kusumbuliwa miaka thelathini.

Khabari ya bei nitaieleza kwa mfano wa Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont huko Marekani. Amana yao ilianzishwa mwaka 1984, meya akiwa Bernie Sanders, kwa msaada wa dola 200,000 kutoka mji wenyewe. Kanuni yao ni kwamba mwenye nyumba akiuza hurudishiwa alichoweka, na juu yake hupata robo ya ongezeko la thamani. Tuihesabu kwa fedha zetu. Mtu amejenga kwa shilingi milioni 10. Miaka kumi baadaye nyumba yathaminiwa milioni 18. Ongezeko ni milioni 8, robo yake milioni 2. Atauza kwa milioni 12. Milioni 6 zinazobaki hazichukuliwi na mtu. Zimo katika nyumba, na mnunuzi mpya ndiye anayenufaika nazo kwa kununua rahisi. Naye akiuza hufungwa na kanuni ile ile.

Hapa ndipo wazee wawili wa tawi letu waliponipinga vikali, na hoja yao si ya kupuuzwa. Walisema: mwenzake aliyejenga katika ardhi yake atauza kwa milioni 18, na huyu wetu kwa 12, si dhulma hii? Nawajibu kwamba yule mwenzake alinunua kiwanja, na huyu wetu hakununua. Aliyepewa ardhi bila ya kuilipia hawezi kuiuza. Asiyependa sharti hilo hakulazimishwa, na soko liko wazi. Tusisahau kwamba eka tatu tatu zilizogawiwa kuanzia mwaka 1965 zilitolewa pia kwa sharti la kulimwa, si kuuzwa. Sharti likawa juu ya karatasi, hapakuwa na wa kulisimamia, na leo ngapi kati yake zimekwisha katwa viwanja? Sharti bila msimamizi ni maneno matupu, ndiyo maana nataka baraza.

Jambo moja zaidi, na hili naliona kubwa kuliko yote. Jimbo la Georgia, Marekani, ndiko ilikoanzishwa amana ya kwanza ya namna hii, mwaka 1969, ikiitwa New Communities. Walikuwa wakulima weusi, watu kama sisi, wengine wamefukuzwa katika mashamba ya mabwana kwa kujiandikisha kupiga kura. Wakapata eka zaidi ya 5,000. Lakini waliinunua ardhi kwa deni. Ukaja ukame, mkopo wa serikali wa kuwaokoa ukacheleweshwa na kuwekewa masharti mazito, na mwaka 1985 wakapoteza yote. Mwaka 2009 ndipo walipopata hukumu ya fidia ya dola milioni 12, kwa kuwa walibaguliwa, na mwaka 2011 wakanunua shamba jingine. Baina ya kupoteza na kupata ni miaka 26.

Wakulima wa karafuu hatuna haja ya kwenda Georgia kujifunza rahani. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya visiwa hivi yalikuwa katika mikono ya wakopeshaji, hata ikatungwa sheria mwaka 1934 ya kuyazuia yasipotee. Kwa hiyo katika katiba ya amana yetu nataka iandikwe kwa herufi kubwa: ardhi haiwekwi rahani kwa deni lolote, hata deni la chama, hata mwaka ambao karafuu haikuzaa. Anayetaka mkopo wa kujengea aweke dhamana nyumba yake, na mkopeshaji ajue kwamba chini ya nyumba hana kitu.

Tena kodi ya ardhi isiwe ndogo mpaka ikawa mzaha. Nyumba nyingi za wakfu katika Mji Mkongwe ziliharibika kwa sababu kodi haikutosha hata kununulia chokaa. Kodi ilipie njia, maji, na mtu wa kuweka daftari. Kikibaki kitu ndipo tuzungumze habari ya bati la ghala.

Nimeombwa na Mwenyekiti nitaje utaratibu. Hoja ya kuuza itasomwa kwanza, kisha hoja yangu ya kuizuia ardhi, nayo imeungwa mkono na wanachama wanne. Kabla ya hapo kila tawi likae lijadili swali moja: mwenye nyumba akiuza, apewe fungu gani la ongezeko, robo, theluthi au nusu? Majibu yaletwe ofisini kwa maandishi, yakiwa na majina ya waliohudhuria, wake kwa waume. Tawi lisiloleta litahesabiwa kuwa halina neno.